Nilidhani nanunua tochi, kumbe nanunua betri: uzoefu wangu wa miezi 14

Tochi ninayoizungumzia ni ndogo, inaingia mfukoni bila kuivuta suruali chini. Inatumia betri moja ya 18650, ya lithiamu, inachajiwa kwa tundu la USB-C lililo ubavuni, na boksi lake linasema lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000. Huu ni mwezi wa 14 niko nayo. Lakini siwezi kuisifu wala kuilaumu bila kuanza na ile iliyoitangulia, maana ile ndiyo iliyonitia adabu.

Ile ya kwanza iliandikwa lumeni 100,000. Sikuamini yote, niliamini nusu, nikajiona mjanja. Kwa kulinganisha tu, balbu ya halojeni ya taa ya mbele ya gari hutoa kama lumeni 1,000 hadi 1,600, kwa hiyo hata hiyo nusu yangu ilikuwa kichekesho. Ndani ya boksi mlikuwa na betri mbili zilizoandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme zinachobeba. Usiku wa kwanza iliwaka vizuri kwa dakika 20 hivi, kisha ikawa inatoa mwanga wa kibatari. Nikachaji, ikarudia yale yale.

Rafiki yangu anayetengeneza kompyuta mpakato aliishika ile betri kiganjani, akairusharusha kidogo bila hata kusoma maandishi, akacheka. "Hii imejaa hewa, ndugu yangu." Tukaipeleka kwenye mizani ya jikoni: gramu 29. Betri ya 18650 iliyo halali ina gramu 45 hadi 50, na nambari yenyewe ni vipimo tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ndani ya umbo hilo kwa kawaida haingii zaidi ya 3500 au 3600 mAh. Ukiona 5000 au 9900 kwenye betri ya ukubwa huo, irudishe palepale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza kama betri feki.

Kwa hiyo safari ya pili nilianza na betri, tochi ikafuata.

Hii ya sasa nilivutiwa nayo kwa sababu boksi lilitaja vipimo vya ANSI FL1. Hicho ni kiwango cha kupimia tochi, na ukikielewa unasoma boksi kwa macho mengine. Lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, si ule mmweko wa mwanzo. Muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyokuwa. Hapo ndipo ujanja ulipojificha. Tochi yangu inasema saa 3 kwenye mwanga wa juu. Kweli, baada ya saa 3 bado inawaka. Lakini zile lumeni 1,000 nilizipata kwa dakika chache tu, mwili ukaanza kuunguza vidole, tochi yenyewe ikajipunguza hadi kama theluthi ili isijichome. Huo si ubovu, bomba dogo la alumini halina pa kuupeleka moto wote huo. Ila usinunue tochi ndogo ukitegemea kutembea nayo saa nzima kwenye mwanga wa juu. Mimi asilimia kubwa ya usiku naitumia kwenye lumeni 100 au 150, na zinatosha.

Umbali nao una hesabu yake. Boksi linasema mita 160 na kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 6,400. Chukua kipeuo cha pili cha 6,400, unapata 80, zidisha kwa 2, ndiyo hiyo 160. Sasa, mita 160 ni pale mwanga unapobaki robo ya laksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu), yaani kama wa mbalamwezi. Utajua kuna kitu kimesimama, hutajua ni mbuzi au ni kichaka. Kwa kuona sawasawa mimi nagawa kwa mbili.

Turudi kwenye betri, maana ndiko kuliko na hatari. Mama ana tochi yake ndogo ya betri za AA, na siku moja ilimzimikia. Kwenye droo yangu nilikuwa na betri ya 14500, umbo lile lile, inateleza ndani kama imezaliwa humo. Nilikuwa nimeshaiingiza nusu nilipokumbuka. AA ya kawaida ni volti 1.5, ya kuchajiwa ya NiMH ni 1.2. Ile 14500 ni ya lithiamu, volti 3.7, na ikijaa ni 4.2. Ni karibu mara tatu ya umeme ambao tochi ile iliutarajia. Kama tochi haijaandikwa kwamba inakubali 14500, usijaribu. Mtego huo huo uko kwenye CR123A, ambayo ni volti 3 na haichajiwi, na ndugu yake 16340 anayechajiwa na kufika 4.2. Zikiwa mbili mbili, moja inakupa 6, nyingine 8.4, na tochi ndiyo inayolipa.

Na kama ni tochi ya kukaa droo ikisubiri siku umeme ukatike, usiiache na betri za alkali ndani. Huvuja, zinaacha ukoko mweupe unaokula springi. Niliwahi kuokoa moja kwa pamba iliyolowa siki, nikiwa nimevaa glavu kwa sababu ule ukoko unaunguza ngozi. Nyingine ilishaliwa mpaka kwenye swichi. AA za lithiamu zisizochajiwa ndizo ninazoziweka huko sasa, zinakaa miaka 10 na zaidi bila kuguswa.

Kuhusu 18650 yenyewe, kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolichungulia kwa karibu. Nilikuwa natoa betri kwa ncha ya kisu kwa sababu ilibana, ikakwaruza ile ngozi ya plastiki pale juu. Nikaona bati likimetameta chini yake. Bati lote lile, kuanzia kitako hadi bega, ni upande hasi. Upande chanya ni kile kifungo kidogo cha juu peke yake, na kati yao pana pete nyembamba na ngozi hiyo ya plastiki tu. Kipande cha chuma kikigusa kifungo na bega kwa pamoja, hiyo ni shoti ya betri isiyo na huruma. Niliiacha kando mpaka nikapata ngozi mpya ya kuivisha. Kisu kilistaafu siku hiyo, na betri ya akiba haitembei mfukoni pamoja na funguo, inakaa kwenye kijaluba chake cha plastiki. Nikisafiri kwa ndege inaingia kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Kuchaji kulinipa kisirani cha aina yake. Wiki ya kwanza niliichomeka kwenye chaja ya simu, kebo yenye USB-C pande zote mbili. Kimya. Nikabadilisha chaja, kimya. Nikawaandikia waliotengeneza, wakanijibu nijaribu kebo nyingine bila kusema ipi. Nilikuwa nafunga boksi niirudishe ndipo nikaijaribu kwa kebo ya zamani yenye ule mdomo mpana wa USB upande mmoja, taa nyekundu ikawaka. Kumbe chaja za USB-C hazitoi umeme mpaka zione vikinza umeme (rizista) viwili vidogo vya ohmu 5,100 ndani ya kifaa, na tochi yangu haikuwekewa. Vipande vya bei ya kutupa, wameviacha. Kwa hilo nawanyima nyota moja.

Ninachaji kwa ampea 1, nikiwa macho, juu ya sakafu ya vigae, mbali na kitanda. Ikijaa napima mara moja moja kwa mita ya umeme: volti 4.18 au 4.20 ni salama, ingezidi hapo kwa zaidi ya punje ningeacha kuitumia chaja hiyo. Betri iliyolala muda mrefu nikaikuta chini ya volti 2.5 siifufui, naipeleka panapopokelewa betri chakavu. Ya kuweka muda mrefu naiacha nusu, kama 3.7.

Kasoro kubwa kuliko zote ni swichi. Iko ubavuni na ni laini mno. Siku moja nimekaa, begi miguuni, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilitazama huku na huku kama mtu mwingine ndiye mwenye kosa. Kufungua begi: tochi inawaka kwa mwanga wa juu kabisa, uso umelalia kitambaa cheusi cha ndani. Kitambaa kimeyeyuka, tundu la ukubwa wa ukucha, na utando umeganda kwenye lenzi. Tangu hapo, kabla ya kuingia begini, nalegeza mfuniko wa nyuma robo mzunguko. Hesi zake zimepakwa tabaka lisilopitisha umeme, kwa hiyo mfuniko ukiachana na ukingo wa bomba, hata ubonyeze swichi kwa nyundo haiwaki. Jaribu yako kwanza, maana tochi zenye hesi za alumini tupu hazizimiki kwa njia hiyo.

Mengine hayana makuu. Kibanio kinalegea, nakikaza. Imenyeshewa mvua mara kadhaa bila tatizo. Ni IPX8, yaani inastahimili kuzama majini, na ule mpira wa kuziba naupaka grisi ya silikoni kila miezi michache.

Ninachojutia kweli ni rangi ya mwanga. Nilichukua ule mweupe baridi, kelvini 6500, kwa sababu dukani ulionekana mkali zaidi. Usiku nikifungua soketi, waya mwekundu na wa kahawia unaonekana mmoja. Ijayo itakuwa kelvini 4000 hadi 5000 yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) ya 90, hata ikinipunguzia lumeni. Kwa sasa, kazi yoyote yenye nyaya hizo mbili inasubiri kupambazuke.