Viatu vya baridi na mvua: bonyeza soli kabla ya kulipa

Wengi mnaoniandikia kuhusu viatu vya mlimani vya mitumba mna kilio kimoja. Kiatu kilikuwa kizima, ngozi inang'aa, kamba mpya, kisha siku ya pili kwenye tope la milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, soli ikabanduka. Nikiuliza muuzaji alisemaje, jibu ni lile lile: "Hiki hakijavaliwa hata siku moja."

Hapo ndipo mlipopatikana. Kati ya ngozi na mpira wa chini, viatu vingi vya aina hii vina sponji ya poliyurethani. Unyevu wa hewani huila sponji hiyo polepole, na joto huharakisha kazi. Umri wake unahesabiwa tangu kiwandani, si tangu ulipoanza kukivaa. Baada ya miaka kama kumi inaanza kumeguka, na ikiwa kiatu kilifungiwa kwenye belo (furushi la mitumba) lenye joto, hata mapema zaidi. Kwa hiyo kiatu "kipya" kilicholala miaka kabatini Ulaya, kisha kikasafiri baharini hadi soko la Owino, Kampala, kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichochakaa mguuni mwa mtu.

Basi kabla ya kulipa, bonyeza sponji kwa ukucha. Ikibaki na shimo au ikitoa unga, rudisha. Kikunje kiatu utafute nyufa ndogo juu ya mpira. Kisha fungua ulimi wa kiatu: viwanda vingi huandika tarehe kwenye lebo ya ndani. Lebo imekatwa? Ondoka.

Mambo ya rangi na saizi siyagusi, ila hili moja: kiatu kinachobana huleta baridi hata kiwe na manyoya ndani. Acha nafasi ya soksi nene ya sufu.

Chaguo langu la kwanza ni buti la ngozi linaloweza kubadilishwa soli, na sifichi upendeleo: natafuta Hanwag. Hans Wagner aliianzisha Ujerumani mwaka 1921. Miaka miwili baadaye ndugu yake Lorenz akaanzisha Lowa, nayo si mbaya, lakini moyo una wake. Tafuta zile zilizoshonwa safu mbili, nyuzi unaziona kwa nje. Hizo hata fundi viatu wa Kasese, mji ulio chini ya Rwenzori, anaweza kuzifumua na kuzishona upya, na kiatu kinachorudi kwa fundi hakiendi jalalani. Ngozi ipake nta, si mafuta ya kupikia!

La pili ni gambuti la mpira halisi. Kwenye vinamasi vya Rwenzori hata mimi ningelivaa hilo, na waongoza wageni wengi hufanya hivyo mpaka karibu na barafu. Likitoboka unaliziba kwa kiraka na solusheni, sawa na tyubu ya baiskeli. Halina joto lolote lenyewe, kwa hiyo weka soli ya sufu ndani na ubebe soksi za akiba, maana jasho halina pa kutokea.

La tatu, buti za kitambaa zenye utando wa kuzuia maji. Ni nyepesi na hazihitaji kulainishwa, lakini zile za zamani zenye Gore-Tex, chapa maarufu ya utando huo, zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki kwenye udongo wala majini. Kampuni ilianza kuuza utando mwingine usio na kemikali hizo mwaka 2022. Ule bado ni nadra kuukuta kwenye mitumba. Na sponji ni ile ile, kwa hiyo ukucha wako usipumzike.

Gambuti la PVC ni rahisi na linazuia maji. Likipasuka solusheni hailishiki vizuri, na ukilichoma nyuma ya nyumba moshi wake una tindikali. Basi.

Sasa bei. Tangu Rais Museveni atangaze vita dhidi ya nguo za mitumba mwaka 2023, wauzaji wamepata kisingizio: "Nunua sasa, dada, mzigo hauji tena." Mzigo unaendelea kuja. Ukifika na begi la mgongoni bei inapanda maradufu, na mpagazi anayebeba mizigo ya wageni mlimani anaombwa bei hiyo hiyo ya mgeni. Kwangu dawa ni kwenda na fundi viatu. Mlipe soda na muda wake, akague soli mbele ya muuzaji, na utaona bei inavyoshuka kabla hujafungua mdomo.