Uzoefu wangu: baga, milkisheki na saa nzima ya kungoja meza Nyali

Basi na mimi nimeenda ule mkahawa wa Nyali wa mtindo wa daina, ile mikahawa ya zamani ya Kimarekani, maana kila nikifungua simu ni picha za yale makochi mekundu na zile milkisheki za glasi ndefu, mpaka mke wangu akanambia Mombasa nzima tumebaki sisi peke yetu. Jina la mkahawa silitaji kwa sababu yako mambo ntayasema hapa si mazuri sana, lakini mtu wa Nyali akisoma mistari miwili tu ashajua ni wapi.

Tulienda Jumamosi na hapo ndo kosa letu la kwanza. Tulitoka Majengo baada ya magharibi, mimi, mke wangu, watoto wawili na ami yangu ambae yeye alikuja kutujulia hali tu, akakuta watu washavaa wako mlangoni, nkamwambia ami twende zetu, akasema haya. Tumebanana watano kwenye tuktuk moja. Darajani kama kawaida yake pamefunga, tunavuta moshi wa matatu, na ami anawahadithia watoto kwamba kabla ya hili daraja la Nyali la 1980 palikuwa na lingine la kuelea juu ya maji na kupita ulikuwa unalipa. Mdogo akauliza, sasa likizama jee? Ami akamwambia unaogelea.

Kufika, mlangoni yuko msichana na daftari, jina nani, watu wangapi, haya ngojeni kidogo. Hicho kidogo kilikuwa dakika hamsini na tano, nimehesabu. Watu ni kama ferri ya Likoni asubuhi, benchi nje ni moja, na Jumamosi hawakuwekei meza hata ukipiga simu mapema, anaekuja mwanzo ndo anaekaa. Kuna vijana walimpisha ami akaketi, Mungu awajaze kheri, lakini mwenye mkahawa ungetafuta hata viti vya plastiki bwana, na yale maji ya kunywa tusinunue kioski cha jirani.

Kwa kuwa sina la kufanya nikaanza kugugo hii mikahawa ya namna hii ilianzia wapi. Kumbe Marekani huko mwanzo wake ni mtu mmoja anaitwa Walter Scott, mwaka 1872, mji wa Providence, alikuwa na mkokoteni wa kuvutwa na farasi anauza chakula usiku nje ya ofisi za gazeti, kwa sababu mikahawa mingine saa hizo ishafungwa. Nikamsomea ami. Ami akatizama ile foleni, akatizama zile taa za neoni, akasema kumbe yote haya ni mtu wa viazi karai tu aliyepata pesa. Watu wawili waliokuwa karibu yetu walicheka mpaka msichana wa daftari akageuka.

Haya, tukaingia. Ndani pazuri, sitasema uongo. Chini tailizi nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti, kaunta ndefu na stuli za kuzunguka (watoto wangu hawakuziacha, samahani kwa yule baba wa shati la buluu), ukutani mabati ya zamani ya matangazo ya soda na picha za magari yale marefu yenye mapezi nyuma kama papa. AC kali kupita kiasi, mke wangu alitoa leso kwenye mkoba akamfunika ami mabegani, kwa hivo ukija na mzee chukua kitu cha kujitanda.

Sasa hapa niseme kidogo kuhusu viti maana ndo kilichonifanya niandike. Tulipewa meza ya dirishani, makochi mawili yanatizamana, meza katikati. Ami alipoketi akanyamaza, akapitisha mkono kwenye ile ngozi, akagonga meza, akatizama dirisha. Halafu akasema, mwanangu hili ni behewa. Ami alifanya kazi reli miaka mingi, kwenye behewa la kulia chakula, ile treni ya usiku ya zamani ya Nairobi kabla hii treni mpya ya SGR kuja 2017. Na kweli bwana, nilikuwa nishasoma pale nje kwamba zamani hii mikahawa ilikuwa inaundwa kiwandani mizima, inabebwa mpaka pale itakapokaa, ndo maana ikawa mirefu na myembamba, na wengi waliiunda kwa sura ya behewa la chakula. Nilipomwambia alifurahi kama aliyeshinda kesi. Hapo ndo tukahadithiwa yote, kengele ya chakula inavopigwa kwenye ujia, vitambaa vyeupe, na jinsi ya kumimina supu treni ikiwa inapanda kona za Mazeras bila kumchoma abiria, akawa anaonyesha kwa glasi ya maji, kiuno kinakwenda huku mkono umetulia. Weita alikuja na menyu akasimama nae kusikiliza. Wateja wamejaa pomoni na yeye kasimama anasikiliza supu ya Mazeras.

Ile jukiboksi ya pembeni, mashine ya muziki ya kutia sarafu, ni pambo tu, usihangaike na shilingi zako. Muziki unatoka kwenye spika za juu, rokenrol za Marekani za miaka ya 1950, sauti juu mno. Ami akamuuliza yule kijana kama ana taarabu za zamani, akasema hana mzee. Ami akasema miaka hiyo yenu mnayoiga sisi huku tulikuwa na stesheni yetu ya Sauti ya Mvita kwenye redio, si huyu anaepiga kelele.

Chakula. Kwanza wanaouliza halali, cheti kipo kimetundikwa karibu na kaunta, na bekoni ni ya ng'ombe. Baga ya kawaida 950, ya watoto 600. Nyama ni nyama kweli, nene, imeshika moto kwa nje na ndani ina maji yake, mkate wameupasha na siagi, lakini chumvi sijui waliogopa nini, na hakuna hata harufu ya pilipili. Mimi ni mtu wa Mombasa, baga bila ukali nakula nini. Nikamwita weita nikamuuliza huko jikoni nyinyi wenyewe mnakula na nini, akacheka, akarudi na kibakuli cha pilipili ya ukwaju ya wafanyakazi. Walai ile baga ikabadilika dini. Nyinyi mkienda iulizeni, haiko kwenye menyu na haina bei.

Chipsi hapana. Zimekuja zimepoa zimelala, na za ziada ni 300, hiyo 300 barabarani nakula muhogo na achari mpaka nishindwe kuinuka.

Milkisheki ndo mambo. 550 na inastahiki, maana mbali na glasi wanakuletea na kile kikopo cha chuma ilichopigiwa na baki yake ndani, kwa hivo ni kama glasi moja na nusu, nzito mpaka mrija unasimama wima. Tulichukua tatu. Ami akaonja akasema hii ni faluda, wamesahau tu kutia tambi, halafu akaimaliza yote na kikopo akakwangua.

Weita ni wazuri lakini ni wachache na wamechoka. Tuliletewa sahani ya kuku isiyokuwa yetu, kabla hatujasema kitu mtoto wangu mdogo ashang'ata kipapatio, ikabidi niwaite niungame. Hawakunilipisha. Ila bili, jamani bili someni! Ilikuja 7,100, mimi nikapiga hesabu kwa kichwa nikaona haiendi, baga tatu, za watoto mbili, chipsi moja, milkisheki tatu, hiyo ni 6,000 kamili. Walikuwa wametuandikia milkisheki tano. Keshia alisahihisha bila ubishi na akaomba radhi, lakini meza ya nyuma yetu nao walikuwa wanabishana kuhusu jambo hilo hilo kwa hivo sijui niseme nini. Nikalipa kwa M-Pesa tukatoka. Elfu sita watu watano, na ujue Mji wa Kale hiyo ni biriani ya nyumba nzima na mbatata zake na juisi ya ukwaju na nauli ya kurudi.

Nyota nawapa tatu. Ukitaka kwenda nenda katikati ya wiki baada ya alasiri, dada yangu alienda Jumanne akaketi saa ile ile, na chipsi zake anasema zilikuwa moto.

Wakati tunatoka yule weita alimpa ami ile kofia ya karatasi wanayovaa wao. Ami akaivaa juu ya kofia yake ya vito, akapanda nayo tuktuk, akashuka nayo Majengo mbele ya baraza zima, watu wanamuuliza mzee ni nini hii, anawaambia nimerudi kazini. Juzi amenipigia simu kuuliza tunaenda lini tena. Nikamwambia ami si ulisema baga haina chumvi? Akasema baga kuleni nyinyi, mimi niwekeeni ile meza ya dirishani.