Nuru au ChatGPT: mkulima wa muhogo aanze na ipi?

Ukiwa shambani umeshika jani la muhogo lililojikunja, lina mabaka ya manjano, fungua Nuru. Programu hii ya simu ya PlantVillage, mradi wa kusaidia wakulima kutambua magonjwa ya mimea, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, inatumika kwa Kiswahili, na ukishaipakua haikudai bando ili itambue ugonjwa. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ni batobato au michirizi kahawia, magonjwa mawili ya muhogo. Ila kagua majani kadhaa, jani moja halitoshi. Tena michirizi kahawia huweza kujificha mizizini huku majani yakionekana mazima: ng'oa shina moja, kata muhogo, tazama madoa makavu ya kahawia ndani.

ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali kwa maandishi, inataka intaneti, na kijijini hilo si jambo dogo. Lakini itakuandikia barua ya kuombea kikundi mkopo, au ikusaidie kupanga bei ya unga. Tatizo ni kwamba hukosea kwa kujiamini kabisa. Kipimo cha dawa usikichukue kwake; soma kibandiko, muulize afisa ugani.

Akina mama wa kikundi cha wakulima wa muhogo ningewaanzishia Nuru, kwa sababu jibu lake wanalihakiki palepale, kwa kisu na macho yao.