Kisanduku cha majaribio ya maada: vifaa vinafaa, kijitabu kisomwe kwa tahadhari

Kisanduku hiki kimelengwa kwa anayeanza kemia: hali za maada, densiti (tungamo ya kitu igawanywe kwa ujazo wake), kuyeyuka na kuchemka, kutenganisha michanganyiko, kisha mabadiliko ya kiumbo (kitu kinabaki kilekile) na ya kikemikali (kinatokea kitu kingine). Ndani mna bika mbili, silinda ya kupimia ya mililita 50, kipimajoto cha spiriti, mizani ya betri inayosoma hadi gramu 0.1, taa ya spiriti, neli tano za majaribio, faneli, sumaku, michemraba minne ya metali na vichupa vya kemikali. Vioo vinastahimili moto na miwani ya kinga inakaa vizuri usoni. Kinacholiangusha sanduku ni kijitabu chake, pamoja na majaribio machache ambayo vifaa vilivyomo haviyawezi.

Densiti ni mfano wa wazi. Michemraba ya alumini, chuma, shaba na risasi ina sentimita 1 kila upande, na kijitabu kinataka kila mmoja utumbukizwe kwenye silinda usome maji yamepanda kiasi gani. Silinda yenyewe ina mstari kila mililita 1. Maji yatapanda mstari mmoja basi, na jicho lisilozoea hukosea nusu mstari bila kujua. Ukisoma 0.5 badala ya 1, alumini yenye gramu 2.7 inakupa densiti ya gramu 5.4 kwa mililita, ukisoma 1.5 kwa chuma chenye gramu 7.9, unapata 5.3. Alumini imekuwa nzito kuliko chuma! Pima michemraba kwa rula, na silinda itumie kwa fungu la misumari au kokoto lenye ujazo wa mililita 15 na kuendelea. Gusagusa silinda mapovu yatoke, shusha jicho lilingane na maji, usome chini ya mbonyeo wa uso wa maji, si pembeni yanakopanda.

Jaribio la kuganda limepewa nta ya mshumaa. Nta ni mchanganyiko wa vitu vingi, kwa hiyo haina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Grafu ya joto inateremka taratibu, na ile sehemu bapa inayotafutwa, ambapo joto husimama wakati kitu kinaganda, haionekani. Asidi ya steariki iliyo safi ndiyo inayofaa. Iyeyushe ndani ya neli iliyosimamishwa kwenye maji ya moto hadi nyuzi 80 za selsiasi, itoe, usome kila sekunde 30. Joto litashuka, litasimama karibu na nyuzi 69 kwa dakika kadhaa wakati yabisi inajijenga, kisha litashuka tena. Asidi ya steariki ya kutengenezea mishumaa mara nyingi ina asidi nyingine, ya palmitiki, ndani yake na huganda chini ya hapo. Kipimajoto kikinasa usikivute: rudisha neli kwenye maji ya moto.

Kuchemsha maji hakuna shida, ila kijitabu kinasema nyuzi 100 kana kwamba ni sheria ya kila mahali. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kipimajoto hakina kosa lolote. Kutenganisha chumvi na mchanga kunakwenda vizuri.

Jaribio la kuonyesha kwamba tungamo haipotei ndilo lenye mtego wa siri zaidi. Unaambiwa uweke siki na unga wa sodiamu baikaboneti (baking soda) kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, upime kabla na baada. Gramu 1 ya unga hutoa takriban mililita 280 za gesi, mfuko unavimba, na mizani inaonyesha pungufu la gramu 0.3. Mwanafunzi atadhani mfuko unavuja, au maada imetoweka. La hasha. Mfuko uliovimba umesukuma pembeni hewa ya ujazo uleule, yenye gramu 0.3 hivi, na hewa inayouzunguka inaubeba kwa kiasi hicho kama maji yanavyobeba boya. Tumia chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita: siki mililita 20, unga gramu 1 ndani ya kikopo kidogo kilichosimama, funga kabisa, pima, inamisha, pima tena. Namba haitasogea. Usizidishe unga, wala usitumie chupa ya kioo.

Utepe wa magnesi ni mwembamba: sentimita 10 ni kama gramu 0.1. Ukiungua wote na kushika oksijeni ya hewani unafika gramu 0.17, na mizani ya gramu 0.1 haiwezi kukuonyesha kwa uhakika kilichoongezeka. Furahia mwanga (bila kuukodolea macho), hesabu za tungamo ziache.

Chuma na salfa lilistahili kuwa jaribio bora la sanduku zima, lakini kijitabu kinasema «kiasi sawa». Uwiano ni 7 kwa 4: gramu 3.5 za unga wa chuma kwa 2.0 za salfa. Ukiweka sawa, salfa inayobaki inawaka kwa mwali wa bluu na kutoa gesi inayokaba koo. Chuma kikizidi, sumaku inanasa zao na unaambiwa hakuna kilichobadilika. Pasha kitako cha neli hadi kiwe chekundu, ondoa taa, utazame wekundu ukipanda wenyewe. Fanyia penye hewa nyingi. Neli hiyo usitarajie kuitumia tena, na zao lake lisiguswe na asidi, maana litatoa gesi ya sumu.

Kisha kuna ukurasa wa ufafanuzi, ulio mbovu kuliko yote: eti badiliko la kiumbo hurudishika na la kikemikali halirudishiki. Kuni ukizipasua hazirudi kuwa gogo, na bado ni mbao ileile. Upande wa pili, mrututu (kopa salfeti) wa kwenye sanduku hilihili unaukanusha ukurasa huo. Pasha gramu 2.5 kwa moto mdogo: fuwele za bluu zinapauka, matone ya maji yanajikusanya shingoni mwa neli, na unabaki na unga mweupe wa gramu 1.6. Inamisha mdomo wa neli kidogo, la sivyo matone yatarudi kwenye kitako cha moto na kuipasua. Moto ukizidi sana unga unakuwa mweusi, na huo si mrututu tena. Ule mweupe ukishapoa, dondoshea maji tone moja: bluu inarudi, na neli inapata joto mkononi. Mrututu umerudi, lakini ule unga mweupe ulikuwa kitu kingine: badiliko la kikemikali limerudishika. Mrututu ni sumu, nawa mikono. Ule mweupe uhifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko cha kuzungusha. Vizibo vya mpira vilivyomo havibani, na unyevu wa hewani utaugeuza bluu kabla hujauhitaji.