Movie ya Kihindi isiyo na steringi: The Great Indian Kitchen

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo naomba kwanza tusigombane, maana najua nikigusa sinema za Kihindi nimegusa watu wengi, na mimi mwenyewe nimekulia kibanda umiza, benchi la mbao, jasho, mkanda umetafsiriwa na Lufufu, na tunajua kabisa steringi hauawi, atazungukwa na watu tisa atapigwa nondo za kichwa halafu mvua inyeshe amkumbuke mama yake, hapo adui kwisha habari yake. Sizipondi. Nikikuta moja leo jioni naangalia masaa matatu yote, na nyimbo naimba, hata sijui naimba nini.

Ila kuna kitu. Kwenye zile picha chakula huwa kinatokea tu mezani. Familia imekaa, nyumba kama hoteli ya kitalii, sahani zinametameta, wanacheka wee, wimbo unaingia. Nani kapika? Nani ataosha? Mimi miaka yote sijawahi kujiuliza.

Sasa hii imetoka Januari 2021, dairekta ni Jeo Baby, na usiende kuitafuta Bollywood maana ni ya Kerala, kusini kabisa mwa India, wanaongea Kimalayalam. Ni kama dakika 100 tu. Mwanzoni majukwaa makubwa ya sinema za mtandaoni yaliikataa, ikatokea kwenye kijukwaa kidogo cha hukohuko Kerala kinaitwa Neestream, watu wakaambizana wenyewe kwa wenyewe, baadaye ndo Amazon wakaichukua. Na tuzo ya filamu bora ya jimbo la Kerala ikabeba.

Stori yenyewe ukimsimulia mtu atakuuliza ndo hiyo tu? Binti anajua kucheza ngoma zao za kiasili, anaolewa na mwalimu, familia ya heshima. Hapigwi. Hakuna mama mkwe mchawi anayetia sumu kwenye maziwa, mama mkwe wa humu ni mpole na yeye mwenyewe amechoka, halafu mapema tu anaondoka kwenda kumsaidia binti yake mjamzito, bi harusi anabaki na wanaume wawili na jiko.

Baba mkwe sasa. Ebwana huyu baba! Hafoki hata siku moja. Anaomba tu, kwa sauti ya chini, mwanangu wali usipikie kwenye kuka, upike kwa kuni. Chatini ya kwenye blenda sio tamu, saga kwenye jiwe. Nguo zangu usiziweke kwenye mashine zitachakaa. Mswaki analetewa mkononi! Kila ombi ukilichukua peke yake ni dogo, unaona aibu hata kulikatalia, ila yajumlishe uone siku inaishaje. Na binti alipotaka kuomba kazi ya ualimu wa dansi, mzee anamwambia mama mkwe wako ana digrii ya pili na alikaa nyumbani, ndo maana watoto wametulia. Nilisimamisha video hapo nikatembea kidogo.

Niliiangalia na mama. Mama sabtaito za Kiingereza hazimwendei, kwa hiyo nikakaa pembeni niwe Lufufu wa nyumbani. Nimetafsiri mwanzo mwanzo, mbele nikajikuta sina cha kutafsiri, maana muziki wa nyuma karibu hakuna, maneno machache, ni kisu, mafuta yanachacharika, maji, ufagio, kesho yake kisu tena, mafuta tena. Mama ndo akawa ananitafsiria mimi. "Huyo hajala bado." Kweli, wanaume wameshakula, mifupa na maganda wameyatema hapohapo juu ya meza, na wanawake wanakuja kukaa kula kwenye meza hiyohiyo. Mimi sikuona, nilikuwa naangalia kile chakula kizuri, kina nazi kama cha kwetu Pwani.

Halafu kuna sinki linavuja. Anamwambia mume aite fundi, sawa. Anamkumbusha, nimesahau. Anaweka ndoo, analoweka matambara, lile linadondosha tu. Mama alishika sinki mwanzo mwisho, "hivi hilo sinki bado?" Movie nzima adui kwake ni sinki. Linaishia wapi siwamalizii uhondo.

Kipande kingine, wanaenda kula hotelini, mume anakula kistaarabu, uchafu anaweka pembeni kwenye sahani. Mke anacheka anamwambia kumbe adabu ya mezani unaijua. Utani tu! Jamaa ananuna mpaka aombwe msamaha. Na huyu ni mwalimu, darasani anafundisha somo la familia, sitanii.

Kasoro ipo. Mwisho mwisho wanapoingiza ngoma jukwaani inakuwa kama tangazo la kampeni, nikatamani wangeniachia pale mlangoni anapotoka. Na wale wanaume mpaka mwisho hawajifunzi hata tone, ila hilo mama alisema ndo ukweli wenyewe. Nawapa 8.5 kwa 10.

Ukiipenda hii tafuta na Court ya Chaitanya Tamhane, 2014, ya Mumbai. Mzee mwimbaji anashtakiwa eti wimbo wake umesababisha mfanyakazi wa mtaro wa maji taka ajiue. Mjane anaeleza mahakamani kwamba mumewe kabla ya kushuka alikuwa anatupa kijiwe shimoni, mende wakitoka ujue kuna hewa. Anayasema kama anakusomea bei za sokoni, hakuna violini. Na yule mwendesha mashtaka mwanamke unayetaka kumchukia, jioni kamera inamfuata kwenye treni mpaka kwake, anaingia jikoni kupikia familia. Nimeshindwa kumchukia, nimebaki na hasira sijui niiweke wapi.

Jamani kuna na marudio ya hiyo ya jiko kwa lugha ya Kihindi, inaitwa Mrs., ya 2025, yupo Sanya Malhotra, wengine mtaiona rahisi zaidi kufuatilia. Mimi nasema anza na ya Kerala. Na ukiangalia na mama yako, usimtafsirie sana.