Jua linachomoza magharibi! Uzoefu wangu na kifaa cha kufundishia watoto

Jamani, nimechoka. Nimenunua kile kifaa cha kuwafundisha watoto habari za jua, chenye jua la plastiki linalowaka katikati na tufe la Dunia linalozungushwa na mota. Dunia yao inazunguka kinyume. Kinyume kabisa!

Wala si mimi niliyegundua. Tulizima taa chumbani, binti yangu wa miaka mitano akabandika stika ya mtoto kwenye tufe, upande wa giza, tukawasha. Kijitabu chao wenyewe kina ukurasa wa jua linalocheka, na chini yake kwa herufi kubwa: JUA HUCHOMOZA MASHARIKI. Tulikuwa tumetoka kuusoma sasa hivi. Mtoto anaifuata stika yake kwa kidole, inaingia kwenye mwanga, ananigeukia: "Mama, mbona jua limemtokea upande wa kuzama?"

Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana tunaliona jua likitokea mashariki. Hilo ndilo somo lenyewe. Ukikosea hapo umebakiza nini? Mambo ya vipimo nawasamehe. Upana wa jua la kweli ni kama mara 109 ya Dunia, kwa hiyo kwa jua la sentimita 10 kama lao, Dunia ingekuwa punje ya mchanga, tena ikae karibu mita 11 kutoka hapo. Haiingii kwenye boksi, naelewa. Lakini mwelekeo wa mota? Ni kubadilisha nyaya mbili tu!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea anacheka: "Mama, hicho ni cha watoto. Mtoto mdogo hivyo atajua mashariki ni wapi?" Nikamwambia ndiye aliyeona. Kimya kidogo, halafu: "Basi geuza betri." Akakata.

Nikageuza betri. Dunia ikazunguka sawasawa, jua likazimika. Kumbe kitaa chao kinapitisha umeme upande mmoja tu. Yaani nichague mwenyewe: jua linalowaka, au Dunia inayokwenda inavyotakiwa. Hapo nilitaka kuja kuandika neno moja tu, msinunue.

Ila haki yao niwape. Nilirudisha betri, nikachomoa ule mkanda wa mpira unaounganisha mota na tufe. Sasa mtoto anazungusha kwa kidole, polepole, na hapo ndipo kimemwingia: jua halijaenda kulala popote, ni sisi tuliogeuka tukalipa kisogo. Usiku ni kivuli cha Dunia yenyewe. Juzi nimemkuta gizani anamfundisha mdogo wake, mimi sipo kabisa kwenye hesabu. Kwa hilo kifaa ni kizuri, tena sana, kinazipita mbali zile picha za jua la njano lenye miale. Anayetaka anunue, achomoe mkanda.

Lakini ngoja kwanza. Mota nimeilipia ya nini? Na yule mtoto asiyeuliza, aliyekaa akaangalia akaamini? Hapana, msinunue mpaka warekebishe hizo nyaya. Nimewaandikia ujumbe kuhusu jambo hilo. Wamenijibu kwa tangazo la kifaa chao kipya, cha mwezi.