Shokapu za kurekebishwa urefu kwenye MX-5 iliyoshushwa: uzoefu wangu

Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza. Lilishushwa kwa springi fupi, shokapu zikabaki zile zile za urefu wa kawaida. Lilipendeza, lakini kona ikiwa na kibonde katikati, nyuma iliruka na kuhama ghafla. Niliambiwa shokapu zimekufa. Zilikuwa nzima kabisa, ila zilikosa nafasi ya kubonyea.

Kupima nafasi hiyo hakuna gharama. Funga kibanio cha plastiki cha nyaya kwenye rodi ya shokapu, kisukume hadi kiguse mwili wake, kisha endesha kama kawaida. Changu nilikikuta kimebanwa juu kabisa, kwenye raba ya stopa, yaani ile inayozuia shokapu isigonge mwisho wake. Raba ikishaguswa inakuwa springi ya pili, tena inayokaza haraka sana, na tairi la upande huo linapoteza mshiko.

Ndipo nikafunga seti ya shokapu zenye marekebisho mawili: ringi ya nyuzi inayokalia springi, na kikombe cha chini kinachorefusha au kufupisha shokapu yote. Kwangu hicho kikombe ndicho kilichostahili pesa. Ukishusha gari kwa ringi peke yake unakula safari ya shokapu, yaani umbali inaoweza kubonyea. Ukilishusha kwa kikombe, safari inabaki. Springi zake pia ni ngumu zaidi, na lazima ziwe hivyo, maana gari la chini halina nafasi ya kuchezea.

Nafasi iliyookolewa inabidi ikaguliwe, tairi lisije likagusa mwili wa gari. Nilitoa springi, nikarudisha shokapu tupu na raba yake, nikanyanyua gurudumu kwa jeki hadi raba ikabonyea yote, kisha nikazungusha usukani huku na huku. Mbele tairi lilikwaruza kidogo ndani ya madigadi, kwa hiyo nikaweka washa nene juu ya raba ili isimamishe mapema. Nyuma kulikuwa na nafasi ya ziada, nikakata raba kipande upande wake mpana. Ncha nyembamba usiiguse, hiyo ndiyo inayoanza kubonyea taratibu. Na anayekushauri uzitoe raba hizo kabisa usimsikilize: pistoni itagonga chini na kuharibu vali za ndani.

Sasa kwenye kibonde kile kile gari linazama, linatulia, linaendelea na kona. Kibanio kinaacha pengo kabla ya raba, na raba inaguswa kwenye mashimo makubwa tu. Ninazipendekeza shokapu za aina hii kwa moyo mmoja.

Kasoro yake ni kijitabu, kinachoeleza kushusha gari bila kutaja upimaji wowote. Nyuzi za ringi nazo zinashika tope, zisafishe kabla ya kuzizungusha. Bolti za bushi (raba za maungio ya mikono ya gurudumu) zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi zitakaa zimejipinda na kuchanika mapema.